Chaneli Moja, Mimi na Salim

Jumatano, jioni. Theluji imeanza tena, ile nyepesi isiyo na haraka.

Niko ndani ya gari la kukodi, nje ya jengo ninaloishi hapa mtaa wa Phillips, Marekani. Injini inanguruma, hita nimeipandisha hadi mwisho, na mamangu amekufa.

Nimeiandika. Nilidhani vidole vitakataa, lakini vimeandika tu, vile vinavyoandika kila kitu.

Ndani kwangu kumejaa wanawake. Wamekaa chini kwenye zulia, wamejitanda leso, wanasoma Yasini, na jikoni kuna mtu anachemsha kahawa tungu kwenye sufuria yangu ya wali kwa sababu hakuiona ile ndogo. Nimewaambia natoka kidogo kuvuta pumzi. Hawakutaka, maana mfiwa haachwi peke yake, lakini mimi nikisema natoka, natoka. Wananijua.

Shajara hii ya kwenye simu huwa naijaza malalamiko ya baridi na ya jirani wa juu anayetembea na viatu ndani. Leo nina msiba. Acha niandike yalivyokuwa, kabla watu hawajaanza kunisimulia siku yangu mwenyewe.

Nianze na gari, kwa sababu bila gari hili mambo yangekuwa mengine.

Wiki iliyopita mtu aliteleza kwenye barafu akaigonga Toyota yangu ya buluu ubavuni, ikiwa imeegeshwa haina kosa lolote. Ikapelekwa gereji, na bima wakanipa hili jeusi niendeshe mpaka langu litengenezwe. Jipya kabisa. Kiti chake kinapata moto chenyewe. Siku ya kwanza nilipokaa, wallahi, nilidhani nimejikojolea.

Halafu kuna redio. Si ile ya FM niliyoizoea, ambayo ukitoka nje ya mji inaanza kukohoa. Hii inatoka kwenye setilaiti, juu kwa juu, na wenye gari wamekwisha kuilipia, kwa hivyo mimi kazi yangu ni kubonyeza tu. Chaneli mpaka zinachosha. Hakuna tangazo la wakili wala la godoro.

Nikampigia Salim kumringia. Salim ni ndugu yangu, kitindamimba wa mama, dereva wa lori refu, analala ndani ya lori siku nyingi kuliko anavyolala kitandani kwake. Yeye redio hiyo anailipia mwaka mzima, anasema huko Wyoming na Nebraska bila hiyo mtu atazungumza na usukani. Aliposikia na mimi ninayo alipiga kelele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Da Muna! Sasa tutakuwa chaneli moja!"

Chaneli yenyewe ni ya country za zamani. Ndiyo, cheka. Mtoto wa Kisauni, kakulia madrasa, mamake mwanachama wa chama cha maulidi, na hakuna anachokipenda kama wachunga ng'ombe wa Kimarekani wanaolia puani. Lakini mwenye kosa ni mama. Tulipokuwa wadogo redio ilikuwa moja nyumbani, na Jumapili alasiri kulikuwa na kipindi cha nyimbo hizo, na mama akipenda kukisikiliza akikanda unga wa mahamri. Kiingereza hakujua. Alikuwa akiziita nyimbo za wenye shida. Mtu akianza kuimba kwa huzuni, mama anauliza, "Na huyu naye kaachwa na nani?" Kaka Hamisi, mkubwa wetu, aliyejua Kiingereza cha shule, anatafsiri kwa uongo mtupu, na sisi tunamwamini.

Basi wiki hii nzima tulikuwa hivyo. Salim yuko milimani, mimi niko njiani kwenda kazini, na mtu mmoja anatulilia masikioni wote wawili kwa wakati uleule. Wimbo ukianza ananitumia sauti: "Huyu leo kaachwa na mke na mbwa." Nami namjibu nikifika kwenye taa nyekundu, najua si vizuri. Miaka yote hii simu zetu zimekuwa za mama tu: sukari yake imepanda, presha imeshuka, kameza dawa, hakumeza. Wiki hii tulizungumza upuuzi mtupu. Sikujua nilivyokuwa nimemkosa ndugu yangu hata naye yuko nchi hii hii.

Mama alikuwa mgonjwa, hilo halikuwa siri. Lakini alikuwa mgonjwa wa kuzoeleka, anaingia hospitali, anatoka, anagombana na Hamisi kuhusu chumvi. Nilipanga kwenda nifunge naye Ramadhani. Kila siku nikipata mapumziko ya asubuhi kazini nampigia, kwao ni jioni, ameshaswali magharibi, ametulia.

Leo sikupiga.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee kule Golden Valley. Shifti yangu ni ya asubuhi: nawaamsha, nawaosha, nawavisha, nawapeleka kwenye chai. Simu tunaziacha kwenye makabati. Nilipofungua langu wakati wa mapumziko nikakuta Bi Zuhura amenipigia mara kadhaa. Bi Zuhura ndiye mama yetu sisi watu wa pwani hapa mjini, ana duka la leso na mabuibui kule Frogtown, na mwisho wa wiki kuna posa kwa jamaa mmoja ambako nimeahidi sambusa. Nikasema, huyu anataka kunisumbua na sambusa, nitampigia nikitoka.

Na kulikuwa na sauti ya Salim. Nimeisikiliza tena sasa hivi. Anasema: "Da Muna, Hamisi asema mama kalala mapema leo, usimwamshe. Ukitoka kazini weka chaneli yetu, leo wanapiga zile zetu za utotoni mchana kutwa. Endesha polepole. Theluji hiyo si ya kuaminiwa."

Nikacheka. Yeye anashusha mlimani lori kubwa kama nyumba, halafu ananifundisha mimi kuendesha polepole mjini. Nikakunywa chai yangu nikarudi kazini.

Nilipotoka sikuja nyumbani moja kwa moja. Gari hili natakiwa kulirudisha kesho, Toyota imepona, na roho ikaniambia nilifaidi siku ya mwisho. Nikalizungusha ziwa zima bila safari. Nikapita lile handaki la chini ya barabara pale karibu na mjini, sauti ikakatika, na nilipotokea upande wa pili mwimbaji akawa bado analia palepale. Kiti kilikuwa cha moto. Niliimba kwa sauti, na mimi sina sauti. Mzee mmoja kwenye gari la pembeni alinitazama akatabasamu, nikampungia mkono.

Nilikuwa na furaha.

Hilo ndilo linalonila. Sijafurahi hivyo tangu baridi ianze, na siku yenyewe ikawa hii. Mama alikuwa keshalazwa ardhini, nami nampungia mkono Mmarekani.

Nilipokata kona kuingia mtaa wangu nikaona magari. Gari la Bi Zuhura, lile lenye tasbihi kwenye kioo. Gari la Mwanakombo, shoga yangu, ambaye saa hizo angekuwa kazini. Lile la shemeji wa nani hata simjui vizuri. Yote yameegeshwa mstari mmoja kando ya theluji, Jumatano, mchana mweupe.

Kila mmoja wetu hapa anajua maana yake. Sisi habari ya kifo hatupewi kwenye simu. Huko nyumbani wanampigia mtu mzima aliye huku, na yeye anakusanya watu, na watu wanakuja kwako wakungoje, ili utakapoanguka pawe na wa kukudaka. Nimewahi kwenda kwa wenzangu namna hiyo mara nyingi. Nimekaa kwenye makochi yao nikisikiliza ufunguo ukizunguka mlangoni. Nilikuwa nikiona ni jambo la heshima na la mapenzi, na sikuwahi kufikiria yule aliye upande wa nje wa mlango.

Nilikaa garini. Niliuacha wimbo uishe. Nilijiambia labda wamekuja kwa sababu ya posa, labda sambusa, labda Bi Zuhura kaugua. Nilimwombea Bi Zuhura ugonjwa, Mungu anisamehe.

Mlangoni viatu vilikuwa vimepangwa mpaka kwenye ukumbi wa jengo. Mwanakombo ana ufunguo wangu wa akiba, ndiye aliyewafungulia. Nilipoingia wote wakanitazama, na hakuna hata mmoja aliyenisalimu.

"Keti kwanza, mwanangu," akasema Bi Zuhura.

"Ni mama?"

"Keti kwanza."

Sikuketi. Nikapiga kelele ambayo sikujua ninayo, na wakanidaka, kama kawaida.

Mambo mengine nimeyajua vipande vipande. Mama ameondoka alfajiri ya huko, amemaliza kuswali, amejinyoosha hapo hapo kwenye mswala. Huku ilikuwa bado jana usiku, nami nimelala. Hamisi akampigia Bi Zuhura akamwambia, Maimuna anaishi peke yake, asiambiwe usiku, mwacheni apambazukiwe. Asubuhi Bi Zuhura ananipigia, nimeshaingia kazini, simu iko kabatini. Mwanakombo akaja mpaka Golden Valley kunitafuta. Akazunguka maegesho yote akiitafuta Toyota ya buluu, hakuiona, akasema basi huyu hakuja kazini, huenda keshajua, huenda yuko uwanja wa ndege. Akarudi.

"Toyota iko gereji!" nikamfokea. "Mwezi mzima nakwambia nimegongwa!" Si mwezi, ni wiki, na Mwanakombo analia, na mimi namgombeza mtu kwa ajili ya gari. Ndivyo nilivyo. Uchungu wangu hutokea mdomoni kwanza.

"Mmeshamzika?"

Wakatazamana.

"Baada ya laasiri," akasema Bi Zuhura. "Walingoja watu wa Malindi wafike, hawakuweza kumkawiza zaidi. Kazi ya Mungu haina makosa, mwanangu."

Asiyekuwepo na lake halipo. Hilo tunaambiana kwenye pilau, mtu akichelewa akakuta sinia tupu. Sikujua linasemwa hata kwa maiti ya mamako.

Mama alikuwa mwosha maiti. Mtaani kwetu mwanamke akifa, mama ndiye wa kwanza kuitwa, aende na ndoo yake na karafuu maiti. Nilipofika umri alianza kunichukua nimshikie maji. Alinifundisha uanzie upande wa kulia, usimfunue mtu kupita haja, useme naye kwa upole kwa sababu bado anaona haya. Alikuwa akiniambia huku akicheka, "Mwosha huoshwa. Wewe ndiwe utakayeniosha mimi, nami nitajua kama umejifunza."

Leo laasiri ya huko ilikuwa asubuhi ya huku. Nimepiga hesabu, na afadhali nisingepiga. Wakati mama yuko juu ya kitanda cha kuoshea, mimi nilikuwa bafuni Golden Valley na bibi mmoja wa Kimarekani anayetaka maji ya moto sana. Nilianzia upande wa kulia, ndivyo nilivyozoea. Nilisema naye kwa upole. Yule bibi akanipiga kofi dogo la mkono akaniambia nina mikono mizuri.

Mama ameoshwa na majirani na mke wa Hamisi. Wanawake wema wote. Wala sina la kusema juu yao. Lakini haki ile ilikuwa yangu.

Basi pale sebuleni nilisema maneno mabaya. Niliwaambia, mmenifanya mtoto mdogo. Mji mzima unajua tangu jana, muuza nyama anajua, imamu anajua, mimi mwenye mama ndiye wa mwisho. Niliwaambia wangeniamsha usiku nikalia peke yangu, ningeweza hata kumwona kwenye simu akitolewa nyumbani. Wakaniacha niseme. Bi Zuhura alikuwa akinipangusa uso kwa ncha ya leso yake, nami naendelea kumtukana akinipangusa.

Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na Salim bado hajaambiwa. Yuko milimani, theluji imekaza. Usimwambie mpaka aegeshe."

Nami, niliyekuwa nimetoka kuwasuta watu kwa jambo hilo hilo, nikajibu, "Ah, Salim asiambiwe. Mtu yuko kwenye usukani!"

Hata sikuliona nililolisema. Simu ikaita, na ni yeye.

Kisomo kikakatika. Nikaona sitaweza kupokea mle ndani, atasikia pumzi za watu. Nikawaambia natoka kidogo kuvuta pumzi, nikatoka mbio na soksi, bila koti, nikaingia kwenye gari, nikawasha, na redio ikawaka nalo, chaneli yetu, mwanamke anaimba kwa gitaa.

Kwetu msiba ukiingia muziki huzimwa. Mkono ukaenda kuzima wenyewe. Nikaurudisha. Salim anajua nimeshatoka kazini, anajua saa hizi niko garini, na hili gari likinyamaza atauliza kwa nini. Nikaiacha redio iimbe. Mamangu hajamaliza siku moja kaburini, nami nimempigia country ili nimdanganye mwanawe.

"Da Muna," akasema. "Umefika?"

"Bado kidogo, nazungukazunguka tu. Nasikiliza chaneli yetu."

"Nasikia. Ni nzuri hiyo."

"Wewe wajionaje? Barabara ikoje?"

"Barabara nzuri. Mama umezungumza naye?"

Na hapo ndipo nilipojijua mimi ni mwongo wa namna gani. Ningeweza kusema "hajambo" nikaishia hapo. Lakini la, ulimi ukachukua njia yake. Nikamwambia nilimpata bado yu macho, kanywa uji, uji wa mchele, kamaliza kikombe kizima. Nikamwambia kakuulizia wewe, asema Salim anavaa soksi nzito au bado ni mtundu. Nilisikia sauti ya mama nikiyasema. Yalikuwa maneno yake hasa, ila hakuyasema leo.

Salim akasema, "Alhamdulillah."

Yule mwanamke wa redioni aliendelea kuimba ndani ya gari langu. Nikakaza sikio nimsikie pia upande wa pili, kwa maana wiki nzima ndivyo ilivyokuwa, nikizungumza naye nausikia wimbo mara mbili, hapa kwangu na kule kwake nyuma kidogo.

Kule kwake nilisikia injini tu.

"Salim," nikamwita. "Mbona redio yako umeizima?"

Nikasikia taa za hatari za lori zikianza kugonga, tak, tak, tak, akivuta pembeni.

"Na wewe," akasema, "mbona yako umeiwasha?"

Nikaizima.

Sitaandika tulivyolia. Kuna mambo hata shajara haina haja nayo. Kilio cha mwanamume mzima kwenye simu ni kitu kibaya sana kusikiliza, mkono haufiki.

Alijua tangu asubuhi. Alisimama mahali pa kuegeshea malori kuswali alfajiri yake, akasema ampigie mama salamu, akapokea mtoto wa Hamisi. Nyuma yake watu wanasema la ilaha illa Allah. Ikawa hakuna tena la kuficha. Yule mtoto akashika simu juu, na Salim akamwona mama akitolewa nyumbani, akaona jeneza likipita mabegani mwa watu, akamwona Hamisi akishuka kaburini kumpokea kwenye mwanandani. Kila kitu. Alikitazama chote kwenye kioo cha simu, amekaa kwenye kiti cha dereva, nje kunapambazuka.

Ndiye yeye aliyempigia Bi Zuhura baada ya hapo akamwambia nisiitwe kazini, ningojwe mpaka nimalize, nisije nikaendesha kwenye barafu nikilia. Ndiye aliyetunga habari ya mama kulala mapema. Chaneli ya nyimbo za utotoni hata hakuwa anaisikiliza. Alitaka tu nisipige simu nyumbani. Bi Zuhura wakati namtusi alikuwa analijua hilo, akalimeza, hata akasema Salim hajaambiwa, kwa sababu aliapa kwa Salim hatanitajia. Na Salim naye hakuapisha mtu bure: alijua nikishajua, atakuwa wa kwanza kutukanwa.

Nimemtukana pia. "Kwa nini ukanifanyia hivyo?" nikamwuliza. "Nami nilikuwa na haki ya kumwona."

"Ulikuwa kazini, Da Muna. Ungeangukia wapi?"

"Na wewe ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

Alilisema kawaida tu, kama mtu aliyeulizwa amekula nini. Halafu akasema ameshapoa, apate kuendelea, mzigo unangojwa Sioux Falls kesho na barabara itafungwa theluji ikizidi. Nikamwambia asimame alale, akasema hawezi kulala, afadhali kuendesha. Nikamwambia nitakaa naye kwenye simu, akasema simu nayo itamwondoa akili barabarani. Tukaagana. Mimi nikabaki hapa na gari limenyamaza.

Nilikuwa na hasira naye nilipoanza kuandika. Bado ninayo. Amenichukulia kitu ambacho hakuna atakayenirudishia, na alikichukua kwa mapenzi, kwa hivyo hata pa kuipeleka hasira hiyo sina. Lakini kadiri ninavyoandika, namwona yeye. Mimi nina wanawake wangapi mle ndani! Nimedakwa kabla sijafika chini, nimepanguswa machozi, nimesomewa Yasini, nimechomewa udi, hata sufuria yangu imeunguzwa kwa ajili yangu. Yeye alimwona mama akifukiwa, akakata simu, akafunga mkanda, akaingia barabarani.

Sasa hivi Bi Zuhura amekuja kunigongea kioo. Amefungua mlango akajitupa kiti cha pembeni, baada ya muda akaruka. "Ebo! Kiti hiki kina nini?" Nikamweleza. Tumecheka sote wawili, kicheko kibaya, kisha tukalia tena.

Nikamwambia kesho silirudishi gari. Nitawapigia waniongezee siku, nami nitakwenda Sioux Falls.

"Huwezi," akasema. "Mfiwa hufuatwa, mwanangu. Mfiwa hafuati watu. Watu watakuja kesho kukupa makiwa, wakukose?"

"Salim naye ni mfiwa. Nani amemfuata?"

Bi Zuhura amevitazama vidole vyake, hina imeanza kufifia kwenye kucha. Theluji ilikuwa inaanguka kwenye kioo cha mbele na kuyeyuka.

"Ni mbali?" akaniuliza.

"Ni mbali. Kutwa nzima kwenda na kurudi."

"Na lori lake tutalijuaje kati ya malori yote yale?"

Nikamtazama. Alikuwa ameshaanza kujifunga leso kiunoni kama mtu anayetaka kuingia jikoni.

"Haya, ingia ndani ukaswali, ulale kidogo," akasema. "Mimi nakaanga mahamri usiku huu, na kahawa tutaitia kwenye chupa kubwa. Mwanakombo naye atakuja, anasoma Yasini vizuri kuliko sisi. Kama hawezi kuja matangani, matanga yatamwendea."

Ameshaingia ndani kuwaambia wenziwe. Nimebaki dakika moja tu nimalizie kuandika.

Salim hajui. Sitamwambia, nimejifunza kwake. Kesho atateremsha mzigo, atashuka kwenye lori akidhani hakuna anayemjua kwenye mji ule, na atatuona tumesimama kwenye theluji na leso zetu. Tangu mama afukiwe, hakuna mtu aliyemshika mkono ndugu yangu. Kesho, inshallah, nitaushika mimi.